Ufa Niliouziba kwa Saruji

Nikifika katika mji mdogo wenye kanisa la zamani au jengo la mahakama la enzi za mababu, sianzi na mnara. Nalizunguka jengo kwa miguu, polepole, nikitafuta mstari wa kijani ukutani. Huanzia chini ya paa, pale ambapo mfereji wa kukinga maji ya mvua umeziba kwa majani au umetoboka kwa kutu, ukateremka hadi kwenye msingi. Ni mwani na kuvu vilivyopata mahali pa kunywa. Ukiuona, ujue maji hayapiti tena kwenye bomba bali ukutani, na ujue pia kwamba upande wa ndani wa ukuta huohuo rangi imeanza kubanduka, na ncha za boriti zilizolala ndani ya mawe zimeanza kulainika. Jengo limevuka karne na nusu, limeona vita na njaa vikipita, na kitu kinachoweza kuliangusha ni majani makavu yasiyojaza ndoo.

Nimekuwa mtu wa kutazama mifereji ya paa kwa sababu kuna kanisa moja dogo ambalo nilishiriki kuliumiza.

Nilikuwa kijana, na tulikuwa kundi la watu wa kujitolea wenye nguvu na nia njema. Ukuta wa upande unaopigwa na mvua ulikuwa na ufa ulioanzia kona ya dirisha ukashuka hadi karibu na sakafu, upana wake ukiingia kidole. Chini yake lipu ya zamani ilikuwa imepukutika na kuacha mawe wazi. Tukabeba saruji mifuko kadhaa, tukachanganya na mchanga, tukaujaza ufa mpaka ukashiba, kisha tukapiga lipu ukuta mzima hadi usawa wa kifua na kuipaka rangi nyeupe. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Mimi ndiye niliyeshika mwiko sehemu kubwa ya muda huo, na nakumbuka nilivyojivunia ule uso ulionyooka.

Mama aliyekuwa akitunza ufunguo wa kanisa alisimama nyuma yetu siku ya pili, akautazama ukuta kwa muda, akauliza: "Sasa wanangu, maji yatatokea wapi?"

Tulidhani anaogopa yataingia. Tukamhakikishia kwamba hayataingia tena. Akanyamaza, kwa kuwastahi watu waliokuja kusaidia, akaenda kufunga mlango. Ilinichukua miaka mingi kulisikia vizuri neno alilotumia.

Kuta nene za zamani zilijengwa kwa mawe, matofali au udongo, na mara nyingi kilichoziunganisha ni chokaa. Fundi huchoma mawe ya chokaa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kisha huyamwagia maji, nayo huchemka yenyewe na kuvunjika kuwa unga au uji mzito. Uji huo ukishapakwa ukutani hurudi kuwa jiwe pole pole kwa kufyonza kaboni dayoksaidi iliyomo hewani. Hiyo ni kazi ya wiki na miezi, wala haiharakishwi. Jiwe jipya linalopatikana ni laini na lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Mvua ikinyesha, ukuta hunywa kidogo. Jua na upepo vikija, ukuta huyatoa. Ardhi ikicheza kidogo, chokaa hukubali kucheza nayo. Nyufa nyembamba hata hujiziba, kwa sababu maji yanayopenya huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa.

Saruji tuliyoizoea leo, ile iitwayo Portland, ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds. Ni ngumu, ni ya haraka, na imejifunga. Kwa jengo lililobuniwa kwa ajili yake ni kitu kizuri, na sina ugomvi nayo huko. Juu ya ukuta wa chokaa mambo hugeuka. Maji bado yanaingia, maana yanapanda kutoka ardhini na kupenya kwenye nyufa ndogo kama unywele kando ya lipu. Njia ya kutoka ndiyo iliyofungwa. Basi hutafuta palipo laini, na palipo laini ni jiwe lenyewe au tofali lenyewe. Chumvi iliyobebwa na maji hukauka chini ya uso wa jiwe, ikaumuka na kulimenya ganda baada ya ganda. Baada ya miaka unakuta saruji imesimama imara kabisa, na jiwe lililokuwa hapo miaka mia mbili kabla yake limeliwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimekua nayo na bado naiamini, ila haikutuambia tuuzibe kwa kitu gani.

Siko peke yangu katika kosa hili. Huko Ranchos de Taos, mji mdogo wa New Mexico nchini Marekani, kuna kanisa la San Francisco de Asís, lililojengwa kwa matofali mabichi ya udongo yaliyokaushwa juani, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa karne ya 19. Nyuma yake kuna migongo minene ya udongo inayoegemeza kuta, haina kona hata moja iliyo kali. Georgia O'Keeffe alilichora na Ansel Adams alilipiga picha, kwa hiyo watu wengi wameliona bila kufika huko. Mwaka 1967 lilifunikwa kwa lipu ya saruji, kwa sababu ambayo kila mtu aliyewahi kukandika nyumba anaielewa: udongo unataka kukandikwa tena na tena, na watu walichoka. Saruji ilipasuka nyufa ndogo, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea, na nyuma ya ganda lile gumu udongo ukaanza kulowa na kuoza bila mtu kuona. Mwaka 1979 waliibandua yote wakarudi kwenye udongo.

Tangu hapo waumini hukusanyika kila mwaka kukandika. Wengine huchekecha udongo, wengine huchanganya na nyasi kavu, wengine huupaka kwa viganja. Ndicho kilichokuwa kinaitwa kero kabla ya 1967. Nimesoma habari zao mara nyingi kuliko za kanisa lolote, labda kwa sababu natafuta mtu wa kuniambia kwamba kosa kama lile linaweza kurudishwa nyuma.

Djenné, nchini Mali, hawakulifanya kosa hilo. Msikiti mkuu wa mji ule, ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1907, hukandikwa upya kila mwaka na wakazi wenyewe. Tope huandaliwa na kuachwa lichachuke kwa siku kadhaa, kisha siku ikifika vijana hukimbia na vikapu, wakapanda kwa kushika vigogo vya mitende vilivyochomoza ukutani. Watu hudhani vigogo vile ni mapambo tu. Ni mapambo, na pia ni jukwaa la fundi ambalo halishushwi kamwe. Aliyelijenga jengo lile alijua tangu siku ya kwanza kwamba litahitaji mikono kila mwaka, akaiwekea mahali pa kushika. Sijui heshima gani kubwa kuliko hiyo ambayo fundi anaweza kuwapa watu watakaokuja baada yake.

Makanisa ya mbao ya Norwei yana somo kama hilo, lakini chini, kwenye miguu ya jengo. Yale ya kwanza kabisa yalikuwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini, na nguzo zilioza. Mafundi waliofuata wakalaza magogo makubwa juu ya mawe na kusimamisha nguzo juu ya magogo hayo, zisiiguse ardhi kabisa. Kanisa la Urnes, la karne ya 12, bado limesimama hivyo. Mbao za nje hupakwa lami inayotokana na misonobari, tena na tena, mpaka zinakuwa nyeusi. Yaliwahi kuwapo mamia ya makanisa ya namna hiyo, yamebaki 28.

Na mengi hayakuuawa na kuoza. Mwaka 1851 ilipitishwa sheria kwamba kanisa la parokia liweze kukalisha sehemu tatu kati ya kumi za wakazi wake. Makanisa madogo ya kale hayakutosha, yakabomolewa moja baada ya jingine ili kujenga makubwa. Mbao zilizokuwa zimehimili majira ya baridi mia sita na zaidi zilishindwa na hesabu ya viti. Lile la Borgund lilipona kwa sababu watu walijenga kanisa jipya pembeni, mwaka 1868, wakaliacha la zamani pale lilipokuwa, na miaka michache baadaye likachukuliwa na chama cha kuhifadhi kumbukumbu za kale. Yanaonekana pamoja hadi leo, kubwa na dogo, umbali wa hatua chache. Nikifikiri ni mara ngapi mji mdogo huambiwa lazima uchague kati ya la zamani na jipya, huikumbuka Borgund.

Majengo ya umma yana shida nyingine. Kanisa lina waumini, na hata wakibaki wanane watafagia. Jengo la serikali la zamani likihamwa na ofisi, linabaki la kila mtu, yaani la hakuna mtu.

Kiswahili kina neno moja linalonisumbua hapa. Boma ni jengo la utawala, lile lenye kuta nene na veranda ambalo miji mingi midogo ilikua ikilizunguka. Boma, siku hizi, ni pia kuta zilizosimama bila paa, nyumba ambayo mwenyewe aliishiwa kabla ya kuezeka. Kati ya maana hizo mbili hakuna tofauti ila paa. Nimeona boma la maana ya kwanza likigeuka boma la maana ya pili: mabati yaling'olewa kidogo na upepo, mengine yakaondoka usiku, kenchi zikaloa, mchwa ukapanda, na ndani ya misimu michache ya mvua mti ulikuwa umeota katika chumba ambacho zamani watu walivua kofia wakiingia.

Lile la Mikindani, kusini mwa pwani ya Tanzania, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, liliwahi kufika karibu na hapo. Likakarabatiwa na kugeuzwa hoteli, na sasa lina watu wanaolala ndani yake. Wapo wanaosikitika kwamba jengo la historia limekuwa mahali pa kulipia kitanda. Nawaelewa. Lakini mgeni aliyelipia chumba akidondokewa na tone la maji usiku, atalalamika asubuhi, na mtu atapanda juu kutazama. Jengo tupu halina wa kulilalamikia.

Ukumbi wa chama cha Corpus Christi huko Lavenham, Uingereza, ulijengwa karibu mwaka 1530 na wafanyabiashara matajiri wa nguo za sufu. Chama chenyewe hakikudumu hata miongo miwili baada ya hapo. Vyama vya kidini vya aina yake vilifutwa. Tangu hapo jengo limekuwa ukumbi wa mji, jela, nyumba ya kazi ya maskini na mengine. Ni historia ya kuhuzunisha, hasa hiyo nyumba ya maskini. Hata hivyo kila mmoja wa wapangaji hao wa ajabu aliliweka chini ya paa zima, na mbao zake zilizopinda bado zinaning'inia juu ya uwanja wa soko.

Texas ndiko nilikoona watu wakilipigania jengo la mahakama kama wengine wanavyopigania kanisa. Jimbo lile lina kaunti 254, na kila moja ina mji mkuu wake, mara nyingi mji mdogo sana, na katikati ya mji mahakama iliyosimama peke yake kwenye uwanja. Mara nyingi huwa na mlango kila upande, ili wenye maduka wa mtaa wowote wasijione wamepewa kisogo. Ile ya Waxahachie, ya mwaka 1897, ya mawe mekundu, ilibuniwa na J. Riely Gordon. Alipenda kuweka ngazi katikati, chini ya mnara, uwazi ukipanda hadi juu, ili hewa ya moto ipande na kutoka, na upepo uvutwe ndani kupitia milango. Watu walipokuja baadaye kugawa vyumba, kuteremsha dari na kufunga uwazi huo katika majengo kama hayo, walishangaa kwa nini ndani kumekuwa moto.

Huko Hillsboro, katika jimbo hilohilo, mahakama ya kaunti ya Hill iliungua tarehe 1 Januari 1993. Ilikuwa ya mwaka 1890. Zilibaki kuta za mawe. Njia rahisi ilikuwa kusafisha uwanja na kujenga ofisi ya kisasa. Wakachangishana, Willie Nelson, aliyezaliwa katika kaunti ile, akaja kuwaimbia ili fedha zipatikane, na mwaka 1999 jengo likafunguliwa tena, mnara wake ukiwa juu. Mwaka huohuo jimbo lilianzisha mpango wa kuzisaidia kaunti kutengeneza mahakama zao za kale. Inanigusa kwamba ilibidi moto utangulie.

Fedha, sasa. Mtu anayetoa hutaka kutoa cha kujenga, chenye utepe wa kukata. Wa kusafisha mfereji hakatiwi utepe. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, aliliona hili mapema. Kati ya 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba 2,509, nyingi katika miji midogo ambayo haikuwahi kuwa na jengo la vitabu. Kwa kawaida alidai mji utoe kiwanja, na kila mwaka utenge asilimia 10 ya kiasi alichotoa kwa ajili ya kuiendesha na kuitunza maktaba. Kuna miji iliyokataa kwa sababu ya sharti hilo. Mimi nadhani sharti hilo lilikuwa sehemu bora ya zawadi, kwa maana lilimlazimisha kila diwani kujiuliza mapema nani atalipa mwaka wa ishirini.

Ufaransa ilijibu swali la mwenye mali kwa sheria. Tangu dini na dola vitenganishwe mwaka 1905, makanisa ya parokia yaliyokuwapo kabla ya hapo ni mali ya halmashauri za mahali, na waumini huyatumia bila kulipa. Maana yake ni kwamba meya wa kijiji cha watu mia mbili, ambaye huenda haingii kanisani, ndiye mwenye dhamana ya paa la karne ya 13 lenye eneo kubwa kuliko paa zote za ofisi zake. Tangu 2018 kuna bahati nasibu maalumu ya taifa kwa ajili ya majengo ya kale. Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, ilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, dunia nzima ilichanga, na Desemba 2024 ikafunguliwa tena. Nilifurahi kweli. Siku ileile niliwafikiria wale mameya wakihesabu vigae vilivyoanguka.

Ndiyo maana nikifika mji mdogo nauliza kwanza nani ana ufunguo. Karibu kila mara kuna mtu mmoja. Anajua mlango upi unanyanyuliwa kidogo ndipo ufunguke, anajua popo wanaingilia wapi, anajua tone la kwanza hudondoka benchi la ngapi upepo ukitokea upande fulani. Wataalamu wakija na vipimo vyao vya unyevu, wangeokoa wiki nzima kwa kumsikiliza mtu huyo saa moja. Mara nyingi hawamsikilizi. Sisi hatukumsikiliza wetu.

Nilirudi kwenye lile kanisa dogo baada ya miaka kumi na moja. Lipu yetu ilikuwa nzima, nyeupe bado, na hilo ndilo lililoniuma. Juu yake, kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, mawe yalikuwa yamemenyeka kwa kina cha kiganja. Maji yalikuwa yamepanda nyuma ya saruji yakitafuta mlango, na yalipofika mwisho wa kazi yetu ndipo yalipoupata.

Mama alikuwa bado na ufunguo. Safari hii tulikuja na fundi mzee wa chokaa, naye akanipa patasi na nyundo ndogo akaniambia nibandue, polepole, nisitikise ukuta. Kipande cha kwanza kilipotoka, mawe ya nyuma yalikuwa yakimeta kwa maji, na harufu ilikuwa ya kisima. Chokaa ya zamani ilikuwa imegeuka tope. Nikamwambia Mama kwamba aliwahi kuniuliza swali nami nikalijibu jingine.

"Nakumbuka," alisema. "Mlikuwa na haraka, mwanangu."

Fundi alikataa kupaka chochote. Ukuta ungeachwa wazi ukauke msimu mzima wa kiangazi, na chokaa ingekuja baadaye. Nilikuwa nimejiandaa kumaliza kazi wiki ile, nikabaki na mikono mitupu. Mama akanionyesha ngazi, kisha akanionyesha mfereji wa paa. Nikapanda. Nilitoa majani, matope na kiota kikuukuu cha ndege, nikavishusha kwa ndoo, na havikuijaza. Halafu nikapandisha maji, nikayamwaga kwenye mfereji, yakakimbia kuelekea kona ambako sikuweza kuyaona. Nikasubiri.

Sauti yake ikaja kutoka chini, upande wa pili wa kanisa. "Yametokea huku."